Je, wajua krimu huingiaje ndani ya chokoleti?

Igeuze pipi ya chokoleti yenye krimu huku na huku, hutaona tundu wala mshono. Juu chokoleti, chini chokoleti, pembeni kote chokoleti. Ukiing'ata, krimu inakutiririkia mpaka kidevuni. Sasa hiyo krimu ilipitia wapi?

Haikupitia popote. Ilikuwapo kwanza, ikiwa ngumu kiasi cha kufinyangwa kama tonge la ugali, kisha chokoleti ikaja kuivika. Ama chokoleti ilitangulia ikiwa kikombe kitupu, krimu ikatiwa ndani, halafu kikombe kikazibwa mdomo. Hii ya kikombe ndiyo iliyompatia sifa Jean Neuhaus wa Brussels, Ubelgiji, mwaka 1912. Zote mbili zinawezekana katika jiko la kawaida la Makole au Area C hapa Dodoma, bila mashine yoyote. Unahitaji mizani ya gramu, kipimajoto cha jikoni kinachofika nyuzi 150, na kuamka alfajiri.

Kuamka alfajiri si mapambo ya maneno. Siagi ya kakao, yaani mafuta yanayoifanya chokoleti iwe chokoleti, huyeyuka kwenye nyuzi 33 hadi 34 za Selsiasi. Joto la mwili ni 37, ndiyo maana kipande kinayeyuka ulimini lakini kinabaki kigumu mezani. Mchana wa Oktoba na Novemba, chini ya bati la Dodoma, meza nayo inakaribia kuwa ulimi. Kazi ya chokoleti inataka chumba chenye nyuzi 18 hadi 22, na hapa kwetu hiyo ni hali ya hewa ya alfajiri. Juni na Julai unaweza kuendelea mpaka saa nne asubuhi. Lakini Dodoma ina neema ambayo Dar es Salaam na Tanga hawana: hewa kavu. Maji ni adui mkubwa wa chokoleti, na kwa miezi mingi ya mwaka anga letu halina maji ya kukuletea.

Tuanze na krimu. Ile inayotumika ndani ya pipi za kuchovya huitwa fondanti, na si ile ya kukandwa na kusukumwa ya kufunikia keki. Hii hupikwa. Chukua sukari nyeupe gramu 500, maji mililita 150, na glukosi ya maji gramu 50. Ukikosa glukosi, kamua ndimu, nusu kijiko cha chai kinatosha. Weka vyote kwenye sufuria nzito, koroga kwa moto mdogo mpaka usisikie tena mchanga wa sukari chini ya mwiko. Hapo ndipo mwiko unatoka, na haurudi. Ongeza moto, na punje zilizoganda ukutani mwa sufuria zisafishe kwa brashi iliyoloweshwa maji.

Vitabu vingi vya mapishi vitakuambia uipue ikifika nyuzi 116. Ukifuata namba hiyo Dodoma, utapata kitu kikavu kama chaki. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Joto la sharubati ya sukari ni njia ya kujua maji kiasi gani yamebaki ndani yake: kadiri yanavyopungua ndivyo joto linavyopanda. Kiasi kilekile cha maji ambacho pwani kinaonekana kwenye 116, Dodoma kinaonekana kwenye 112. Singida, iliyo juu zaidi, namba inashuka tena kidogo. Usiikariri namba hii. Kabla ya kupika, chemsha maji matupu, tumbukiza kipimajoto, soma. Kikionyesha 96, toa 4 kwenye kila namba ya kitabu. Kikionyesha 95, toa 5. Ukifanya hivyo unakuwa umerekebisha pamoja na kasoro ya kipimajoto chenyewe, kwa sababu vya bei nafuu mara nyingi hudanganya kwa nyuzi moja au mbili. Asiye na kipimajoto adondoshe tone la sharubati kwenye kikombe cha maji baridi: likikusanyika kuwa kidonge laini kinachobonyea kati ya vidole viwili, ipua.

Mimina sharubati kwenye sinia lililonyunyiziwa maji kidogo, na usiikombe sufuria. Yaliyoshika chini yaache hukohuko. Sasa ngoja. Usiitikise wala usiikoroge mpaka ishuke kwenye nyuzi 45 hadi 50, yaani mpaka uweze kuweka kiganja chini ya sinia bila kukiondoa upesi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa haraka tu. Sukari iliyomo imezidi kiasi ambacho maji yaliyobaki yanaweza kuibeba, kwa hiyo inatafuta kisingizio cha kugeuka fuwele. Ukiikoroga ingali ya moto, fuwele zinaanza chache na kila moja inapata nafasi ya kunenepa. Ulimi utazihisi kama mchanga. Ukiikoroga ikiwa imepoa, zinazaliwa nyingi mno kwa mara moja na hakuna inayopata nafasi ya kukua. Ulimi hauwezi kuzitenganisha, unahisi krimu. Glukosi au ndimu kazi yake ni hiyohiyo, kuzuia fuwele zisishikane na kuwa kubwa.

Ikipoa, anza kuisonga kwa mwiko wa mbao, ukiikusanya kutoka pembeni kwenda katikati. Dakika tano za kwanza huoni badiliko, ni kitu kinachong'aa na kuvutika kama asali. Kisha kinaanza kufifia, ukungu unaingia, mwiko unakuwa mzito. Halafu ghafla, kati ya dakika ya kumi na ya kumi na tano, donge zima linageuka jeupe na mwiko unagoma kabisa. Likande kwa mkono uliolowa kidogo mpaka lilainike, lifunge kwenye mfuko wa plastiki, liache hadi kesho yake. Usilikwepe hilo la kulilaza: fuwele zinatulia na fondanti inakuwa laini kuliko ulivyoiacha.

Siku ya pili ndiyo ya ladha. Karanga za Dodoma zilizokaangwa na kusagwa laini, vijiko viwili vikubwa kwa gramu 300 za fondanti, zinatoa kitu kizuri sana. Zabibu kavu nazo zikatwe ndogondogo. Kwa maoni yetu, unga wa ubuyu ndio unaostahili nafasi ya kwanza, kwa sababu uchachu wake unakata utamu ambao bila hivyo humchosha mlaji kwenye pipi ya pili. Tia vijiko viwili vya chakula kwa gramu 300, lakini utie sasa, wakati wa kukanda. Ukiuchemsha pamoja na sukari, asidi yake itaivunja sukari kupita kiasi na fondanti haitaganda hata uisonge mpaka jioni. Chochote unachoongeza kiwe kikavu. Juisi au maziwa vitarudisha maji uliyotoka jasho kuyaondoa, na sukari nyingi kwenye maji machache ndiyo inayozuia krimu isichache. Finyanga viduara vya gramu 10 hivi, vipange kwenye karatasi ya kuokea, viache wazi nusu saa vikauke ngozi.

Chokoleti sasa. Soma maandishi ya nyuma ya pakiti kabla ya kununua. Nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki zimetengenezwa kwa unga wa kakao na mafuta ya kiini cha mawese. Hizo ni rahisi: ziyeyushe, chovya, ziache zigande, na huvumilia joto la Dodoma vizuri zaidi. Kasoro yake ni kinywani, huacha utando kama wa mshumaa. Ikiandikwa siagi ya kakao, unayo chokoleti halisi, na kakao yenyewe yaweza kuwa ya Kyela, maana huko ndiko kakao ya Tanzania inakotoka kwa wingi. Usichanganye aina hizi mbili kwenye bakuli moja ukidhani unapunguza gharama. Mafuta yake hayapatani. Mchanganyiko unabaki mlegevu na baada ya siku chache unaota utando mweupe wa mafuta.

Chokoleti halisi haikubali kuyeyushwa tu na kutumiwa. Siagi ya kakao inaweza kuganda kwa namna sita za fuwele, na ni moja tu, ya tano, inayotupa mng'ao, ugumu na ule mlio wa kukatika. Ili kuipata, katakata gramu 500 za chokoleti nyeusi. Theluthi mbili ziyeyushe kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji ya moto, moto ukiwa umezimwa na bakuli lisiguse maji, mpaka ifike nyuzi 45 hadi 50. Ondoa bakuli, futa maji chini yake, kisha tia theluthi iliyobaki kidogokidogo huku ukikoroga. Vipande hivi vigumu vina fuwele ya tano tayari. Ni mbegu, na chokoleti iliyoyeyuka inafuata mfano wao. Ishushe hadi 28, halafu ipandishe polepole mpaka 31 au 32 kwa kulirudisha bakuli juu ya mvuke kwa sekunde chache. Ya maziwa iyeyushwe hadi 45, ishushwe mpaka 27, ifanyiwe kazi kwenye 29 hadi 30. Ikivuka 34, fuwele zote zimeyeyuka, unaanza upya. Jaribu kwa ncha ya kisu: ichovye, iweke mezani. Ikiganda ndani ya dakika tano na kung'aa, endelea. Ikibaki na michirizi ya kijivu, bado.

Tone moja la maji likidondokea humo, chokoleti inagoma: inajikunja kuwa bonge kavu lenye chembechembe. Inashangaza, kwa nini kitu cha majimaji kigandishwe na maji? Ndani ya chokoleti kuna vumbi la sukari na kakao linaloelea kwenye mafuta. Tone dogo linalowesha vumbi hilo na chembe zinanatana, kama unga unapoguswa na mkono mbichi. Haitarudi kuwa ya kuchovyea. Ongeza maji ya moto au maziwa kijiko kimoja kimoja mpaka ilainike, uifanye mchuzi wa kumwagia keki.

Kuchovya ni kazi ya uma. Tumbukiza kiduara, kiinue, gonga uma ukingoni mwa bakuli mara tatu, buruza sehemu ya chini ukingoni, kisha kitelezeshe kwenye karatasi. Usipogonga, chokoleti itatambaa chini na pipi itaota unyayo. Viduara viwe na joto la chumba. Kuna wanaoviweka kwenye friji ili visilegee, na kesho yake wanakuta pipi zimepasuka na sharubati inavuja. Krimu baridi hutanuka inapopata joto, ilhali ganda lililoizunguka linasinyaa likiganda. Lazima kimoja kipasue kingine. Kwa viduara 50, gramu 300 hivi za chokoleti zitabaki kwenye pipi. Zinazobaki bakulini ziache zigande, ni za safari nyingine.

Njia ya kikombe inafaa kwa krimu laini tangu mwanzo, mfano mililita 100 za krimu nzito iliyopashwa hadi karibu kuchemka, ikamiminwa juu ya gramu 200 za chokoleti nyeusi iliyokatwakatwa na kukorogwa. Jaza chokoleti iliyo tayari kwenye kalibu, gongagonga mapovu yatoke, subiri dakika moja, pindua yote irudi bakulini. Linabaki ganda. Likiganda, tia krimu iliyopoa chini ya nyuzi 28 ukiacha milimita mbili juu, ilaze usiku kucha, ziba kwa chokoleti. Hizi ziliwe ndani ya wiki moja na zikae kwenye friji, kwa sababu zina maziwa.

Bado hatujaieleza ile inayotiririka hadi kidevuni, maana fondanti tuliyofinyanga ni ngumu. Viwandani hutia matone machache ya invatesi, kimeng'enya kinachopatikana kutokana na hamira, wakati fondanti inakandwa. Pipi ikishavikwa, kimeng'enya kinaendelea na kazi gizani: kinazikata molekuli za sukari kuwa glukosi na fruktosi. Hizi mbili kwa pamoja huyeyuka kwenye maji machache kuliko sukari mama yao, kwa hiyo fuwele zinapotea na donge linageuka sharubati, ndani ya wiki moja hadi mbili, bila tone la maji kuongezwa. Nyuki wa Singida wanakitumia kimeng'enya cha namna hiyohiyo kugeuza maji ya maua kuwa asali. Joto kali hukiua, ndiyo maana hutiwa fondanti ikiwa imepoa. Na chini ya pipi za aina hii huchovywa mara mbili, kwa kuwa katundu kadogo kama ncha ya sindano kanatosha kuimwaga krimu yote.

Pipi ikiota weupe, iguse kabla ya kuitupa. Weupe unaofutika kwa joto la kidole ni mafuta yaliyopanda juu, chokoleti ilipata joto. Weupe wenye mkwaruzo ni sukari iliyoyeyushwa na umande kisha ikakauka. Zote mbili zinalika. Huo wa pili wanaupata sana wanaozibeba pipi kutoka friji ya Dodoma wakapanda treni ya SGR na kufungua kopo mara wanapofika Dar es Salaam: hewa ya pwani inaumwaga unyevu wake wote juu ya chokoleti baridi. Lifunge kopo kwa utepe wa gundi, na ukifika liache bila kulifungua kwa saa mbili, mpaka pipi zilizomo ziwe na joto la chumba.