Livabodi si boti yenye vitanda

Siku hizi, kuanzia Shela hadi Malindi, kila chombo chenye godoro kimekuwa livabodi. Jahazi la kwenda Kiwayu kwa siku mbili ni livabodi. Boti ya injini inayokodiwa na familia ya Kitaliano kwenda kuvua samaki wakubwa, wakalala nje usiku mmoja, nayo ni livabodi. Juzi nimetumiwa tangazo la boti ya Malindi inayoondoka saa mbili asubuhi na kurudi saa nane mchana, na juu yake imeandikwa livabodi, nadhani kwa sababu ndani yake kuna chakula.

Maana yake haina mambo mengi. Livabodi ni boti ya kuzamia ambayo wapiga mbizi wanaishi humo kwa siku kadhaa, mara nyingi wiki nzima, wakipiga mbizi tatu au nne kwa siku bila kurudi bandarini. Basi.

Tabu inaanza pale watu wanaposhika neno "wanaishi" na kuliacha lile la "kuzamia". Wanadhani kinachouzwa ni usingizi wa baharini. Lakini hakuna mpiga mbizi anayelipa pesa zile zote ili ayumbishwe na mawimbi usiku. Analala ndani ya boti kwa sababu mahali anapotaka kuzama hakuna pa kulala pengine. Kisiwa cha Cocos, mali ya Costa Rica, kiko kama kilomita 550 kutoka bara, na boti hutumia kiasi cha siku moja na nusu kufika. Huko hakuna hoteli, kuna askari wa hifadhi tu. Visiwa vya Darwin na Wolf, kule kaskazini mwa Galápagos, ni vivyo hivyo. Mwamba wa Tubbataha nchini Ufilipino hufikiwa kwa safari ya usiku kucha kutoka Puerto Princesa, na msimu wake ni kama Machi hadi Juni, maana miezi mingine bahari haikubali. Visiwa vya Brothers na mwamba wa Daedalus, katika Bahari ya Shamu, viko mbali na pwani ya Misri. Ukishaondoa minara ya taa hakuna kingine cha kukutazama. Mahali kama hapo boti ya kutwa ingefika jioni na kugeuza.

Sasa njoo kwetu. Hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968 pamoja na ya Watamu, iko karibu kiasi kwamba ukisimama ufukweni Casuarina unaziona boti zilizowapeleka wageni kwenye matumbawe. Boti za kuzamia za Watamu hutoka asubuhi zikavuka mwamba wa nje, watu wakazama, wakarudi. Kinachotutesa sisi si umbali, ni tope la Mto Sabaki. Mvua zikinyesha bara, maji ya Malindi yanageuka rangi ya chai ya maziwa, na hata ukilala juu yake wiki nzima hayatatakata. Ndiyo maana wazamiaji wa huku husubiri kaskazi, kuanzia kama Oktoba au Novemba hadi Machi, na bado jioni wanarudi kulala nyumbani.

Kwa hiyo kitanda si kigezo. Nikiulizwa kigezo ni kipi, nitasema kompresa, ile mashine ya kujaza hewa kwenye mitungi ya kuzamia, na hapa naomba radhi kwa hesabu kidogo.

Mtungi wa kawaida una ujazo wa lita 12 na hujazwa hadi bari 200 (bari ni kipimo cha mgandamizo), yaani lita 2,400 za hewa. Ile kompresa ndogo ya kubebwa na watu wawili, inayosukuma lita 100 kwa dakika, itachukua dakika 24 kuujaza. Chukua boti yenye wageni 20, kila mmoja mbizi nne kwa siku: mitungi 80. Kwa kompresa hiyo ni saa 32, na siku ina saa 24. Mtu makini atanikosoa kwamba mitungi hairudi mitupu, hubaki na kama bari 50. Sawa, basi kila mtungi ni dakika 18, na ukizidisha mara 80 unapata saa 24 kamili, kompresa ikinguruma usiku na mchana bila kupumzika hata ya kubadilisha oili. Ndiyo maana livabodi ya kweli ina kompresa kubwa, kwa kawaida mbili, moja ikifa nyingine iendelee. Ina jenereta za kuziendesha, na mashine ya kugeuza maji ya bahari yawe maji ya kunywa na kuoga. Ukivitoa vitu hivyo, unachobaki nacho ni boti yenye mitungi ya siku moja, na siku ya pili itabidi irudi bandarini upende usipende.

Na kompresa kuwepo tu haitoshi. Nimeiona moja imefungwa kwa kamba tezini, bomba lake la kuvutia hewa limeinuliwa juu ya mti na mdomo wake umefunikwa kwa kitambaa cha leso, kazi safi kabisa, mradi chombo kinakwenda. Kilipotia nanga kikageukia upepo, moshi wa jenereta ukawa unapita palepale kwenye kile kitambaa. Kijana aliyekuwa akijaza mitungi alikuwa akitazama geji, hakutazama juu. Harufu ya dizeli mtu anaweza kuinusa akaukataa mtungi. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na ukishuka nayo penye mgandamizo wa maji, kiasi kilichokuwa kidogo juu kinaanza kuudhuru mwili. Mtu akinionyesha boti yake, macho yangu yanaanzia kwenye bomba hilo, yanafuata ekzosi, ndipo niingie ndani kutazama mashuka.

Wamaldivi wanalionyesha jambo hili vizuri kuliko mtu yeyote. Kwao boti kubwa ya wageni hufuatana na nyingine iitwayo dhoni, na kompresa, mitungi, suti na makelele yote viko kwenye hiyo dhoni. Wageni wanalala kwenye boti kubwa, wakitaka kuzama wanahamia ile ndogo. Pepo za msimu zikigeuka, wale samaki taa wakubwa wenye mabawa wanahama upande mmoja wa atoli, yaani duara la visiwa vya matumbawe, kwenda mwingine, na boti zote mbili zinahama nao. Mwanamaji wa Lamu hahitaji kufafanuliwa mpango huo, maana kusafiri kwa kufuata msimu ndiyo kazi ya majahazi tangu zamani. Lakini itoe dhoni kwenye mpango huo uone kilichobaki. Ni hoteli inayoelea, nzuri sana, na hakuna atakayezama.

Tofauti hii ingekuwa ya ubishi wa barazani tu kama si kwamba watu wetu nao sasa wanasafiri. Kuna vijana wa Malindi na Mombasa wenye leseni za kuzamia wanaoweka akiba ili waende Misri au Maldivi, na wanachagua boti kwa picha za vyumba. Wananiuliza kama kuna kiyoyozi, kama choo ni cha ndani, kama juu kuna beseni la maji ya moto. Swali la kwanza lingekuwa: boti inakwenda miamba gani, na mwezi huo huko kuna nini? Boti mbili za Misri zinaweza kufanana bei na vyumba, moja ikashinda wiki kwenye miamba ya karibu na pwani, nyingine ikaenda Brothers. Boti nyingi zinazokwenda huko hutaka uwe umeshapiga mbizi kama 50, kwa sababu mikondo ni mikali na mwamba unashuka wima kama ukuta. Mwenye leseni ya mwanzo, ya mita 18, atalipia wiki nzima ya kuambiwa abaki juu. Huyo akitafuta njia ya kaskazini ya Bahari ya Shamu, yenye miamba ya kina kifupi, atafurahi zaidi na pengine atalipa kidogo.

Na siku ya mwisho wasishangae boti ikigoma kuwapeleka kupiga mbizi. Baada ya siku kadhaa za mbizi mfululizo, ushauri wa wataalamu wa tiba ya uzamiaji ni kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Wiki ya livabodi kwa hiyo ni siku sita za kuzama, mara nyingine tano na nusu. Anayekuahidi mbizi asubuhi na ndege jioni muulize vizuri.

Kitanda ninakirudia mahali pamoja tu, nako si kwa sababu ya ulaini wake. Tarehe 2 Septemba 2019, boti ya kuzamia ya Conception iliungua usiku ikiwa imetia nanga karibu na Kisiwa cha Santa Cruz, California. Walikufa watu 34, wote waliokuwa wamelala chumba cha chini. Chumba kilikuwa na ngazi na tundu la dharura, lakini vyote viwili vilitokea ukumbi uleule wa juu uliokuwa ukiwaka. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha moto ulianzaje, ila walikuta kwamba hapakuwa na baharia wa zamu akizunguka usiku huo. Wale mabaharia waliopona walikuwa wamelala sitaha ya juu. Novemba 2024 nako Bahari ya Shamu, boti ya Sea Story ikiwa na watu zaidi ya 40 ilipinduka na kuzama alfajiri, na wengine walikwama vyumbani. Kwa hiyo ukionyeshwa chumba, uliza kina njia ngapi za kutokea na kila moja inaishia wapi. Uliza nani yuko macho saa tisa usiku. Uliza betri za tochi na kamera zinachajiwa wapi, na kama kuna mtu karibu nazo. Wenye boti nzuri hawakasiriki kwa maswali hayo, wanakupeleka ukaone mwenyewe.

Katika hili, jahazi la Lamu ambalo si livabodi linaipita livabodi. Abiria wamelala wazi sitahani, hakuna mlango wa kumfungia mtu, na nahodha hulala jicho moja kwa ajili ya nanga. Samaki wanachomwa kwenye sanduku la mchanga, asubuhi mnaamkia kando ya Kiwayu, mnaoga baharini. Sioni kwa nini kitu kizuri hivyo kiazime jina la kitu kingine.

Ndiyo maana ombi langu kwa wenzetu wa gatini na madalali wa safari ni dogo. Mgeni akiuliza livabodi, muulize kwanza kama ana leseni ya kuzamia. Akisema hana, anachokitaka ni safari ya jahazi ya kulala, na kwenye bango iandikwe hivyo, safari ya jahazi ya kulala, pamoja na snokeli, yaani kuogelea kwa miwani na bomba la kupumulia, kisiwani Manda Toto ikiwa maji yanaruhusu. Akisema anayo, mwambie kwamba mbizi za mtungi kwa boti ya kutwa zipo Watamu na Malindi msimu wa kaskazi, na kwamba livabodi aitafute Misri au Maldivi. Huyo wa pili msimwache aende hivihivi. Mbizi nne kwa siku zinachosha, na mtu aliyetoka huko huwa anatafuta pa kulala juu ya maji bila kuvaa mtungi.