Roboti ikigonga ukuta, chunguza kwanza taa yake

Vijana wa klabu za sayansi hapa Dodoma wakianza kujifunza roboti, somo la kwanza huwa kuwasha na kuzima taa ndogo ya LED. Taa ikiwaka, makofi, halafu kila mmoja anakimbilia mota na magurudumu. Sisi tunaofundisha elektroniki tungependa wakae kidogo kwenye taa hiyo, maana makosa mengi ya roboti yanaanzia hapo.

Vifaa si vingi. Bodi (kompyuta ndogo inayoendesha roboti) inayotumika sana kufundishia ni Arduino Uno, ambayo pini zake, yaani matundu ya kuungia waya, hutoa volti 5. Taa nyekundu huchukua kama volti 2 tu, hivyo volti 3 zinazobaki zibebwe na rezista, kifaa kidogo kinachozuia umeme usipite mwingi; ya omu 220 itapitisha takriban miliampea 14, na zinatosha. Taa isiyo na rezista inaweza kuwaka vizuri leo, lakini unaiumiza pini, na pini ikiungua haina spea. Mguu mrefu wa taa ndio chanya. Kama umepata taa ya redio mbovu kwa fundi na miguu imeshakatwa, papasa ukingo wa kofia yake: upande ulio bapa ndio hasi.

Programu yenyewe ni fupi: washa pini namba 13, subiri milisekunde 1000, zima, subiri tena milisekunde 1000. Bodi itarudia hivyo mpaka ukate umeme. Pini 13 ina taa yake iliyokwisha kuungwa kwenye bodi, kwa hiyo hata shule isiyo na waya wa kuungia taa inaweza kujaribu.

Shida iko kwenye hilo neno subiri. Amri ya kusubiri, inayoitwa delay, husimamisha programu nzima, si taa peke yake. Saa ya bodi hupiga mara milioni 16 kila sekunde, lakini wakati huo wote programu haisomi sensa ya umbali wala kitufe. Mota nazo hazina habari. Zinaendelea kuzunguka kwa amri ya mwisho zilizopewa. Roboti inayokwenda sentimita 30 kwa sekunde itatembea sentimita hizo zote bila kuona, kisha igonge ukuta na sensa yake ikiwa nzima kabisa. Kijana anaambiwa akanunue sensa nyingine, jambo linaloniudhi, kwani hela ya mzazi inapotea bure.

Muuza chipsi hasimami akikodolea karai. Anakata kachumbari, anapokea hela, na kila mara anatupia jicho mafuta. Programu nayo ifanye hivyo. Amri ya millis hukupa idadi ya milisekunde tangu bodi ilipowashwa. Hifadhi namba ya mara ya mwisho taa ilipobadilika. Kila mzunguko, toa namba hiyo kwenye saa ya sasa. Tofauti ikifika 1000, geuza taa na uhifadhi saa mpya. Haijafika? Pita, kasome sensa.

Hapo ndipo taa inaanza kuwa na maana: ipepese polepole njia ikiwa nyeupe, haraka kukiwa na kikwazo. Ukiifanyia maonyesho uwanjani kwa jua letu la mchana, huenda usione kitu. Usipunguze rezista ili iwake zaidi. Ivishe kipande cha mrija mweusi kiikinge na mwanga.

Ongeza pia mipepeso mitatu ya haraka mwanzoni kabisa mwa programu, kwenye sehemu inayotekelezwa mara moja tu bodi inapowashwa (hapo delay haina madhara). Ukiiona mipepeso hiyo roboti ikiwa katikati ya safari, bodi imezimika na kuwaka upya. Mara nyingi chanzo ni mota kuvuta umeme mwingi zinapoanza, volti zikashuka. Zipe mota betri yake, na uunganishe hasi ya betri hiyo na hasi ya bodi.