Je, wajua? Wakristo wa kwanza waliitwa ateisti

Kwa miaka mingi nilidhani ateisti, yaani asiyeamini Mungu, ni mpagani tu. Mtaani kwetu neno "mpagani" lilikuwa hilohilo moja: kwa asiyeonekana msikitini wala kanisani, kwa babu anayetambikia mizimu, hata kwa mlevi anayelala Jumapili kutwa.

Babu anayetambika hahusiki kabisa. Mkikuyu wa zamani aliyesali ameelekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, alikuwa akimwomba Ngai. Mungu anaye, asichokuwa nacho ni jina kwenye daftari la parokia. Mlevi naye, mwamshe umdai hela yako, atakuapia kwa Mungu mara tatu. Na kinyume chake kipo: Wajaini wa India wana mahekalu, watawa na mifungo mikali, lakini katika mafundisho yao hakuna Mungu muumba. Kukosa dini na kutoamini Mungu ni mambo mawili. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliyatia kapu moja, "wasio na dini/ateisti", wakahesabiwa watu 755,750, na humo huwezi kuchambua nani ni nani. (Tanzania imeukwepa mtego huo: sensa ya mwisho kuuliza dini ni ya 1967.)

Neno lenyewe ni la Kigiriki: "a" ni bila, "theos" ni mungu. Bila mungu, sawa, lakini mungu wa nani? Hapo ndipo penye utamu. Kwa karne nyingi lilikuwa tusi la kumtupia yeyote asiyeheshimu miungu yako. Katikati ya karne ya 2, huko Smyrna, leo Izmir ya Uturuki, askofu mzee Polikarpo alifikishwa uwanjani mbele ya liwali wa Kirumi. Barua ya Wakristo wa mji huo inasimulia kwamba aliamriwa aseme, "Waondolewe ateisti!", yaani Wakristo wenzake, waliokataa kuitolea sadaka miungu ya dola. Mzee akautazama umati, akaunyoshea mkono, akaguna, akainua macho juu, akasema vilevile alivyoamriwa. Wanahistoria wanabishana barua hiyo iliandikwa lini hasa, ila tusi lenyewe halina ubishi: Justino, Mkristo aliyeandika Roma karne hiyohiyo, alikubali kwamba kwa miungu ya namna hiyo, naam, wao ni ateisti.

Kosa langu jingine lilitoka kwenye Kiswahili chenyewe. Tunasema "mkana Mungu", na kukana si neno la bure. Mtu hukana deni, hukana mtoto, Petro alimkana Yesu. Kila mara kipo kitu anachokijua vizuri. Ndiyo maana wengi wakilisikia huona mtu mwenye kiburi anayejua ukweli akaufumbia macho. ("Mulhidi", neno la Kiarabu kwa mtu huyohuyo, lina picha nyingine: shina lake ni moja na la lahadi, yaani mwanandani, ule upenyo unaochimbwa ubavuni mwa kaburi. Ni aliyechepuka kando, kama upenyo huo.)

Sasa fikiria abiria watatu kituoni. Mpiga debe anasema basi la saa kumi lipo. Wa kwanza anakata tiketi. Wa pili anasema hakuna basi, barabara imekatika, anabeba mzigo wake kurudi nyumbani. Wa tatu habishi, ila tiketi hakati. Amekalia begi lake anasubiri aone taa. Mkana ni yule wa pili. Huyu wa tatu hajakana chochote, lakini ukimuuliza kama anaamini basi linakuja, jibu la kweli ni hapana. Mwanafalsafa Mwingereza Antony Flew, miaka ya 1970, alitaka neno ateisti liwabebe wote wawili. Wenzake wengi wanambakiza wa pili peke yake, na ugomvi haujaisha. "Agnostiki", yaani asemaye hajui kama Mungu yupo, neno lililobuniwa na mwanabiolojia Mwingereza Thomas Huxley mwaka 1869, linajibu swali jingine: unajua, au hujui? Hata mwenye tiketi mkononi anaweza kukiri kwamba hana uhakika.

Halafu kuna matumizi ya watu wenyewe, yasiyofuata mwanafalsafa yeyote. Katika uchunguzi wa kituo cha utafiti cha Pew nchini Marekani, takriban asilimia 18 ya waliojiita ateisti walisema wanaamini ipo nguvu fulani iliyo juu. Hao wamekata tiketi, wamepanda, na bado wanasema hakuna basi.