Kichupa Kisicho na Choo

Ukiingia maabara yetu hapa Dar es Salaam siku tunayosoma vinasaba vya bakteria wa tumboni, utaona kwenye kila safu ya vichupa vya choo kuna viwili vitatu visivyo na kitu. Vimeachwa vitupu makusudi. Vinapitia vitendanishi (kemikali za kupimia) vilevile, mashine ileile na mikono ileile.

Cha ajabu, hata vitupu hutoa majibu. Vitendanishi vinavyouzwa kama safi huja na mabaki ya vinasaba vya bakteria wa majini na udongoni. Watafiti wa Uingereza walilionyesha hilo mwaka 2014. Kwenye choo, chenye bakteria tele, mabaki hayo hayaonekani. Balaa ni kwenye damu, mapafu au kondo la nyuma, ambako bakteria ni haba au hawapo kabisa. Mwaka huohuo wa 2014 wenzetu wa Marekani walitangaza kwamba kondo lina jamii yake ya bakteria, na habari ikasambaa. Mwaka 2019 timu ya Uingereza ilipima makondo ya akina mama zaidi ya 500, huku ikipima na vichupa vitupu. Karibu kila kilichoonekana kilitokana na vitendanishi au kiliingia wakati wa kujifungua. Alibaki mmoja tu wa kuaminika, bakteria wa maradhi, kwa takriban asilimia 5 ya akina mama.

Hapa kwetu joto nalo lina lake. Choo kilichotoka Mbagala alfajiri kikafika Upanga saa tano si kile kilichotoka tumboni: wanaopenda hewa wamezaliana, wasioivumilia wamekufa. Dawa yake ni kukigandisha upesi, nyuzi 80 chini ya sifuri, au kukitia kwenye kihifadhi palepale nyumbani (na jenereta iwe na mafuta, maana umeme hauagi unapokatika). Sampuli za wagonjwa zikikwama njiani na za wazima zikawahi, tofauti utakayoiona ni ya foleni, si ya ugonjwa.

Majira pia hubadilisha tumbo. Kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha baadhi ya bakteria wakififia masika na kurejea kiangazi, kufuatana na chakula. Anayepima mara moja tu amepiga picha moja ya mtu anayetembea.

Kwa hiyo muuguzi akikukabidhi kopo, usishangae akikuuliza ulikula nini juzi, unaishi na nani, na kama umemeza antibiotiki miezi ya karibuni, hata zile kapsuli nne za amoksilini ulizonunua duka la dawa bila cheti cha daktari. Hakuna atakayekugombeza. Tunataka tu kujua kama bakteria waliopungua tumboni mwako wamepunguzwa na ugonjwa tunaouchunguza, au na zile kapsuli nne.