Inakula ngapi? Mafuta ya haibridi kwenye barabara za Nairobi

Karibu kila anayeleta haibridi, yaani gari la petroli lenye pia mota ya umeme na betri, kwangu ikaguliwe kabla ya kulipa huuliza swali lile lile: inakula ngapi, yaani kilomita ngapi kwa lita? Mimi humuuliza kwanza anaishi wapi na anafanya kazi wapi. Wengine hudhani nakwepa. Lakini haibridi ndogo kama Toyota Aqua, gari lile lile, dereva yule yule, inaweza kukupa kilomita 24 kwa lita ikitumika Buruburu hadi Upper Hill, kisha ikashuka hadi 17 au chini ya hapo ukibadilisha njia, na hakuna kilichoharibika.

Namba inayowaponza watu ni ile ya Japani. Aqua zilizoboreshwa mwishoni mwa 2013 ziliandikiwa kilomita 37 kwa lita, na muuzaji wa yadi atakutajia hiyo kana kwamba imepigwa muhuri. Ilitokana na kipimo cha JC08. Gari huwekwa juu ya rola ndani ya maabara, likaendeshwa kilomita 8 na kidogo kwa wastani wa kilomita 24.4 kwa saa, kasi isifike 82, kiyoyozi kimezimwa, na robo tatu ya hesabu ikatoka kwa injini iliyokwisha kupata moto. Mlima hakuna, tuta hakuna, bodaboda hakuna. Wajapani wenyewe wameshahamia WLTC, ambacho ni kipimo kikali zaidi. Kwa Aqua nzima hapa mjini mimi husema kati ya 18 na 24. Anayekuahidi 30 akuonyeshe risiti.

Haibridi hupata faida yake kwenye breki. Gari likiwa na abiria, tuseme kilo 1,200, likifika kilomita 50 kwa saa limebeba nguvu ya mwendo iliyoigharimu injini kama mililita 10 za petroli, yaani vijiko viwili vya chai. Gari la kawaida likifika kwenye tuta, mililita hizo zinageuka joto kwenye pedi za breki na kupotea. Kwenye haibridi mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu nzuri ya nguvu hiyo kwenye betri, mradi ukanyage mapema na polepole. Ukikanyaga ghafla kwa sababu matatu imekukatia mbele, breki za kawaida ndizo hufanya kazi kubwa na hesabu yako imeharibika. (Na matatu itakukatia.)

Sasa fikiria njia yako. Ngong Road au Jogoo Road, ambako unaenda na kusimama, unaenda na kusimama, gari hili liko nyumbani kwao. Nairobi Expressway, kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27 bila kugusa breki, hakuna cha kuvuna. Unaendesha gari dogo la cc 1,500 lenye injini nzuri, basi. Hewa ya huku juu, ambayo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hivi, hukusaidia kidogo kwa kupunguza upinzani wa upepo.

Kuna wanaosema kwamba kwenye jamu haibridi haili kitu. Inakula, ila kwa vipindi. Betri ya Aqua haifiki hata uniti moja ya stima, na kompyuta hairuhusu itumike yote. Huchezea nusu yake au chini ya hapo. Ukikwama Mombasa Road huku kiyoyozi kinavuma, betri inashuka na injini inajiwasha kuichaji, na sehemu ya umeme hupotea wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Bado uko mbali mbele ya jirani yako ambaye injini yake inanguruma saa nzima. Lakini zima kiyoyozi. Nairobi si Lamu, dirisha linatosha.

Kinachoumiza haibridi kuliko jamu ni safari fupi ya asubuhi. Mwezi wa Julai injini ikiamka baridi, kompyuta huiacha iwake hata pale umeme ungetosha, ili ipate joto yenyewe na kichujio cha moshi kipate joto. Mzazi anayepeleka watoto shule kilomita mbili kisha akazima gari huwa amelipia joto tu. Usishangae ukiona 12 hapo. Si ugonjwa.

Hali hiyo humkuta kwa namna ya ajabu mtu wa Limuru anayefanya kazi mjini. Asubuhi anateremka kama mita 500 hadi Westlands, gari lingeweza kujiendea lenyewe, lakini injini inawaka kwanza kwa sababu ya baridi. Jioni anapanda, na kupandisha tu uzito huo kunataka kama nusu lita juu ya mafuta ya kawaida ya safari. Dashibodi inamwambia 40 asubuhi na 14 jioni. Anajumlisha, anagawanya kwa mbili, anatangaza 27. Hesabu hiyo ni ya uongo. Tuseme ni kilomita 25 kila upande: kushuka ametumia lita 0.63, kupanda lita 1.79, jumla karibu lita 2.4 kwa kilomita 50. Hiyo ni chini ya 21.

Hesabu hizi za kilomita kwa lita hudanganya hata wakati wa kununua. Kutoka 10 hadi 15 unaokoa lita 3.3 kila kilomita 100. Kutoka 20 hadi 25 unaokoa lita moja tu. Mwenye gari kubwa linalokula 8 mjini atauona mfuko ukipumua akihamia haibridi. Mwenye gari dogo linalonusa mafuta, tena anapita Expressway kila siku kutoka Kitengela, pesa ya ziada anayoombwa kwenye yadi nadhani haitarudi.

Ukitaka kujua lako linakula ngapi, jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, tembea wiki mbili, rudi kwenye pampu ile ile, jaza tena, gawanya. Dashibodi hupenda kujisifu. Na kama uliinua gari kwa sababu ya matuta ukaweka tairi kubwa kidogo za 185/65 R15 badala ya 175/65 R15, mita inahesabu pungufu kwa asilimia 2 hivi, kwa hiyo ongeza kidogo.

Mengine ni ya gereji. Injini hizi zinataka oili nyepesi ya 0W-20, na bado naona watu wakimiminiwa oili nzito ya 20W-50 kwa sababu ndiyo iliyokuwa rafuni. Kando ya kiti cha nyuma kuna tundu la kupitishia hewa ya kupoza betri. Vumbi likiliziba, betri inapata joto, kompyuta inapunguza kazi yake na injini inabeba mzigo. Gari lililokuwa la teksi, hapo ndipo ninapoangalia kwanza.