Kati ya galaksi si patupu

Barazani Mji wa Kale, kahawa tungu ikishamiminwa, hakosi wa kusema kwamba ukishaziacha galaksi, yaani mikusanyiko mikubwa ya nyota, huko kwingine ni utupu mtupu. Wengi tulikua tukiamini hivyo.

Sivyo. Galaksi nyingi hukaa kwa makundi, mamia hata maelfu, na katikati yake pamejaa gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Gesi hiyo ina uzito kushinda nyota zote za kundi zikijumlishwa. Jicho haliioni kwa kuwa hung'aa kwa eksirei, na hewa yetu huzizuia eksirei zisitufikie.

Aliyeifichua ni jirani yetu, tuseme. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Wamarekani wakaiita Uhuru.

Makundi ya mbali zaidi hunaswa vingine: mionzi kongwe ya ulimwengu, mabaki ya mwanga wa enzi zake za mwanzo, ikipenya gesi hiyo huachwa na doa, nalo doa halififii kwa umbali. Darubini iliyoko Ncha ya Kusini imeyapata mamia kwa njia hiyo.