Hedifoni za gemu za dola 350: bei hiyo inalipia nini?

Wateja wanaoniletea vifaa vyao vya sauti huniuliza mara kwa mara kama hedifoni za gemu zisizo na waya, zile za daraja la juu, zinastahili bei yake. Kabla ya kujibu, huwataka waniambie kwanza wanachezea kifaa gani na wanakaa umbali gani kutoka kwenye kifaa hicho. Ninauliza hivyo kwa sababu fedha unayoongeza baada ya kuvuka dola 200 hivi hailipii sana ubora wa sauti. Inalipia redio, yaani mfumo unaorusha sauti bila waya, betri, na urahisi wa kuhama kutoka kompyuta kwenda konsoli (kama PlayStation au Xbox) au simu bila kuchomoa kitu. Mtu anayekaa mezani, kompyuta ikiwa mbele ya magoti yake na asiye na konsoli wala haja ya kuinuka katikati ya mchezo, atalipia vitu vitatu ambavyo hatavitumia.

Tuchukue mfano wa SteelSeries Arctis Nova Pro Wireless, zilizoingia sokoni mwaka 2022 kwa dola 349.99 nchini Marekani. Zikifika kwetu zinakuwa zimebeba gharama za usafirishaji, ushuru, na VAT ya asilimia 18 Tanzania au 16 Kenya, na ndiyo maana bei ya Kariakoo au ya Luthuli Avenue humshtua aliyekuwa amesoma bei ya mtandaoni. Ndani ya kila kikombe mna spika ya milimita 40 ya aina ileile ya koni na koili inayotumika katika hedifoni nyingi za bei ya chini. Sisemi kwamba ni mbaya, kwa maana zimetengenezwa kwa uangalifu. Hata hivyo, ukizilinganisha kwa sauti tupu na Sennheiser HD 560S, hedifoni za waya zilizotolewa mwaka 2020 kwa takriban dola 200, mimi huchagua hizo za waya bila kusita, hasa kwa namna zinavyotenganisha nyayo, milio ya risasi na muziki wa nyuma vinaposikika kwa pamoja.

Redio ndiyo inayohitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndipo wanunuzi wengi wanapopotoshwa. Hedifoni za kawaida za Bluetooth hubana sauti, huirusha, huikusanya kwenye akiba ndogo ili isikatike, kisha huifungua, na safari hiyo yote kwa kawaida huchukua milisekunde 100 hadi 200 au zaidi. Katika kutazama filamu hutambui kitu, kwa sababu programu ya video huichelewesha picha ili ilingane na sauti. Mchezo hauwezi kufanya hivyo, kwa kuwa picha inategemea kidole chako. Kwenye skrini ya fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, kila fremu hudumu takriban milisekunde 16.7, kwa hiyo ucheleweshaji wa milisekunde 200 maana yake adui amefyatua risasi fremu 12 kabla hujausikia mlio. Hedifoni za gemu huja na kipokezi chake cha USB kinachotumia masafa ya gigahezi 2.4 kwa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, za kampuni yenyewe, na ucheleweshaji hushuka hadi milisekunde 20 au 40 hivi. Sauti hewani husafiri mita 343 kwa sekunde, hivyo milisekunde 30 ni sawa na kumsikiliza mtu aliye umbali wa mita kumi. Kwa idadi kubwa ya wachezaji, hicho ni kiwango kisichodhuru.

Kwa hiyo mtu akikuuzia hedifoni za Bluetooth pekee na kuziita za gemu, muulize kipokezi kiko wapi. Kuna sababu ya pili pia. Katika Bluetooth ya mtindo wa zamani, ambayo bado ndiyo iliyoenea, ukiwasha maikrofoni kwenye kompyuta muunganisho mzima hugeuka kuwa wa simu: unachosikia hupoteza besi na sauti za juu na kuanza kufanana na mazungumzo ya simu. Wengi hudhani hedifoni zimeharibika, kumbe zinafanya kile hasa ambacho itifaki inaziruhusu.

Masafa hayo ya gigahezi 2.4 ndiyo yanayotumiwa na Wi-Fi na oveni za maikrowevu, na jambo lisilojulikana sana ni kwamba tundu la USB 3 nalo hutoa kelele za redio katika eneo hilohilo. Mteja akilalamika kwamba sauti inakatika anapogeuza kichwa, huwa nazunguka nyuma ya kompyuta kwanza. Mara nyingi nakuta kipokezi kimechomekwa ubavuni mwa diski ya nje ya USB 3, huku sanduku la chuma la kompyuta likiwa katikati yake na mchezaji. Waya wa kurefusha wa USB unaokileta kipokezi juu ya meza hutibu tatizo hilo kwa bei ya chakula cha mchana. Rafiki yangu mmoja, aliyekuwa ameshaandika barua ya kudai arudishiwe fedha, aliichana baada ya kufanya hivyo.

Katika betri ndipo hedifoni za Nova Pro zinapojitetea vizuri. Zinakuja na betri mbili: moja inafanya kazi hadi saa 22, nyingine inachajiwa ndani ya kituo kidogo chenye skrini kinachokaa mezani. Unabandua kifuniko cha sumaku kwenye kikombe, unaivuta betri kwa utepe wake, unatia nyingine, na mchezo unaendelea. Mwanzoni niliona ni mbwembwe. Siku hizi naona ndiyo sababu kuu ya kulipa bei ile, wala si kwa ajili ya zile saa zenyewe, kwani mchezaji wa saa tatu kwa siku anaweza kuchaji mara moja kwa wiki na kusahau. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikikaa tu, na huzeeka haraka zaidi kwenye joto na inapoachwa imejaa muda wote, hali ambazo ni za kawaida katika chumba cha Dar es Salaam au Mombasa. Hedifoni ambazo betri yake imegundishwa ndani zitakufa siku betri itakapokufa, hata kama spika zake bado ni nzima, labda umpate fundi mwenye mkono mwepesi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vidogo, isipokuwa vichache, ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Ningependa kuona athari yake ikifika hadi kwetu.

Nova Pro pia huzima kelele za nje, na hufanya hivyo vizuri zinapokuwa nzito na za mfululizo. Muungurumo wa jenereta ya jirani na wa feni ya dari hupungua sana. Mazungumzo ya sebuleni hayapungui kwa kiasi hicho. Hata hivyo, vikombe vilivyozibwa kwa ngozi bandia hufungia jasho, na katika unyevu wa pwani ngozi hiyo huanza kumenyuka vipande vyeusi shingoni. Kabla ya kulipa, vuta mto wa sikio uone kama unatoka kwa mkono, kisha uliza kama mito ya akiba inapatikana.

Kuhusu maandishi ya 7.1 kwenye boksi, yanayoahidi sauti ya kukuzunguka, usiyalipie chochote. Spika ni mbili tu, na hisia ya kuzungukwa na sauti hutengenezwa na programu inayoiga namna sauti inavyofikia sikio moja kabla ya jingine na inavyobadilishwa na umbo la sikio. PlayStation 5 hufanya kazi hiyo yenyewe kwa hedifoni zozote, zikiwemo za waya zinazochomekwa kwenye kidhibiti. Hata Sonar, programu ya SteelSeries ya kurekebisha sauti kwenye Windows, hutolewa bure na hufanya kazi na hedifoni za kampuni nyingine.

Kama unataka fedha yako iende kwenye sauti na bado hutaki waya, mimi nakuelekeza kwenye Audeze Maxwell za mwaka 2023, zilizotoka kwa dola 299 toleo la PlayStation na 329 toleo la Xbox. Badala ya koni zina utando mwembamba wa milimita 90 unaosukumwa na sumaku juu ya eneo lake lote, na besi yake ni safi kuliko ya hedifoni yoyote ya gemu niliyowahi kupima. Betri inafika saa 80. Bei nyingine unailipa kwa shingo: zina uzito wa karibu gramu 490, wakati Nova Pro zina gramu 340 hivi. Zivae dukani walau nusu saa, pamoja na miwani yako kama unayo.

Mwenye konsoli na kompyuta katika chumba kimoja, anayehama kati ya hizo kila siku na anayepokea simu katikati ya mchezo, namwambia anunue Nova Pro bila wasiwasi. Mwenye kompyuta moja namshauri achukue hedifoni nzuri za waya na maikrofoni ya mezani, kwani maikrofoni ndiyo sehemu dhaifu ya hedifoni nyingi zisizo na waya hata kwenye bei hizi. Mwenye Xbox asome boksi mara mbili, maana toleo la PlayStation halitafanya kazi kwenye Xbox, ilhali la Xbox mara nyingi hukubali kwenye PlayStation pia. Na anayenunua zilizotumika asitoe fedha kabla hajakiona kipokezi na kukijaribu, kwa sababu bila hicho anabakiwa na hedifoni za Bluetooth, na kukipata kimoja peke yake madukani ni kazi ngumu.